Siku Isiyo ya Ofu

Kiingereza cha Asiya kilianzia kwenye rafu tatu za mbao, na kwa miaka mingi hakikuvuka hapo. Rafu zenyewe zilikuwa katika stoo ya mashuka ya hoteli moja ya ufukweni Diani, hoteli yenye vyumba mia na ishirini na wageni wasiopenda kulalia mkunjo hata mmoja. Rafu ya kushoto ilikuwa na kibao kilichoandikwa Yesterday's. Ya kati Today's. Ya kulia Tomorrow's. Herufi zilikuwa nyekundu, zimepakwa na mtu mwenye haraka zake, na ile alama ndogo inayoning'inia kabla ya herufi ya mwisho, Asiya aliidhania ni tone la rangi lililomponyoka mpakaji.

Siku yake ya kwanza kazini, miaka ishirini na mmoja iliyopita, alichukua kitambaa akaanza kulisugua lile tone. Bi Mbeyu, aliyekuwa mkubwa wa stoo, akamkamata mkono.

"Mwanangu, hilo usilifute. Hilo ndilo linalosema ni ya nani."

"Ya nani, mama?"

"Ya jana, ya leo, ya kesho. Wewe wasema mashuka ya leo. Wao Waingereza humtanguliza mwenyewe. Huanza na leo, wakaweka hako kadude, kisha ndiyo wakataja mashuka. Siku ndiyo yenye mali."

Asiya akacheka. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, ametoka kwao Msambweni na kibegi kimoja, na hakuwahi kufikiri kwamba Jumanne au Jumatano zinaweza kumiliki kitu. Lakini Bi Mbeyu hakuwa akifanya mzaha. Mashuka yaliyovuliwa vitandani, yanayongoja kufuliwa, yalikuwa ya jana. Yanayokwenda kutandikwa asubuhi hii yalikuwa ya leo. Na yale yaliyotoka kupigwa pasi sasa hivi, yangali na joto, yaliwekwa kulia yakakaa mpaka siku ya pili. Hayakuguswa, hata mgeni awe nani. Kwenye mlango, kwa herufi zile zile nyekundu, kulikuwa na maneno matatu: A day's rest. Mapumziko ya siku moja.

"Shuka lililotoka kwenye moto ukalitandika papo hapo, halimalizi mwaka," Bi Mbeyu alimwambia. "Uzi umechoka. Upe siku yake."

Hiyo ndiyo sheria aliyomwachia Asiya alipostaafu, na Asiya aliishika kwa ukali kuliko alivyoishika Bi Mbeyu mwenyewe. Aligombana na wahudumu wa vyumba, na wasimamizi, na safari moja alimfungia mlango mgeni wa heshima aliyekuja mwenyewe kudai shuka. Watu walimwona ana kichwa kigumu, na kweli alikuwa nacho. Mimi nasema hoteli ile ililala vizuri kwa sababu ya kichwa hicho, ingawa hakuna mgeni aliyewahi kuandika hivyo kwenye kitabu cha maoni.

Mumewe alimpatia humo humo stooni. Jaafar alikuwa fundi wa mashine za boti kutoka Mkwiro, kisiwani ng'ambo ya Shimoni, na hoteli ilimwita aje aifufue boti yao ya kutembeza wageni. Akapita mlangoni kuomba kitambaa cha kufutia oili. Asiya akampa kipande cha shuka lililokwisha kazi. Baada ya siku tatu Jaafar akarudi na kile kipande, kimefuliwa, kimekaushwa, kimekunjwa pembe nne. Mtu gani anafua kitambaa cha oili? Asiya alikaa akijiuliza swali hilo mwezi mzima, na mwezi wa pili posa ikafika Msambweni.

Wakaoana, na papo hapo likaja jambo ambalo wengi wa watu wa hoteli wanalijua vizuri. Kazi ya Jaafar ilikuwa Mkwiro na Shimoni, ya Asiya ilikuwa Diani. Asiya alikuwa na chumba cha kupanga Ukunda. Kila wiki alistahili siku moja ya ofu, ya kutokwenda kazini, na kwa kuwa siku moja ilimalizikia njiani, alizikusanya nne akazichukua kwa mpigo mwisho wa mwezi. Usiku tatu au nne alilala Mkwiro, kisha akarudi kwenye rafu zake. Mungu hakuwajaalia mtoto, basi hapakuwa na kilichowalazimisha kubadili mpango. Miaka kumi na saba ikapita hivyo. Ukizijumlisha siku walizoamka chini ya paa moja, pamoja na likizo za mwaka, hazifiki hata miaka minne.

Jaafar alikuwa na kalenda ukutani, ya zile za kupewa na duka la vipuri, picha juu na tarehe chini. Kila Asiya alipopangiwa ofu zake, alimpigia simu akamtajia, na Jaafar alizizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Rafiki zake walikuwa wakimchokoza kwa nini asioe mke wa pili, wa hapa hapa kisiwani. Aliwajibu, "Huyu mmoja mwenyewe simpati, huyo wa pili nitampatia wapi?" Watu walicheka sana. Asiya naye alicheka alipohadithiwa, halafu akaenda uani akakaa peke yake kidogo.

Lakini kulikuwa na ombi moja ambalo Jaafar hakulifanyia mzaha. Alilitoa mara ya kwanza mwaka wa pili wa ndoa, na baada ya hapo kila mwaka, kwa sauti ile ile ya taratibu, akimwangalia Asiya akifunga kibegi chake.

"Asiya, siku moja nijie siku isiyo ya ofu."

"Na siku hiyo nitaitoa wapi?"

"Sijui. Ofu ni ya hoteli, wanakuazima tu, ndiyo maana waangalia saa tangu wakanyaga bandari. Mimi nataka siku yako. Moja. Uje bila sababu, ukae tu."

"Inshallah," Asiya alisema kila mara, na kila mara alikusudia kweli. Mwaka huu kulikuwa na wageni wengi, mwaka ule dobi mpya hajui kazi, mwaka mwingine wamebadilisha meneja. Wala Jaafar hakununa. Alimbebea kibegi mpaka kwenye boti, akasimama bandarini mpaka ikang'oa nanga.

Tarehe nane Julai, saa nne asubuhi, wageni wamejaa hoteli mpaka vyumba vya akiba, simu ya Asiya ikalia stooni. Alikuwa ameshika rundo la foronya. Aliyepiga ni Mwanatumu, mama yake Jaafar, na Mwanatumu hakuwa mtu wa kupiga simu asubuhi. Jaafar alikuwa ameinamia mashine, akasema kifua chamwelemea, akakaa chini. Hakuinuka tena.

Asiya aliweka foronya kwenye rafu, rafu sahihi, kisha ndipo akatoka. Alifika Mkwiro Jaafar amekwisha kuoshwa na kukafiniwa, akamwona uso mara moja, na baada ya alasiri wanaume wakamchukua. Jioni ile Asiya akaingia eda. Kwa watu wa pwani mwanamke aliyefiliwa na mumewe, huyo anayeitwa kizuka, hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki kutembea, hajitii manukato wala hina, havai dhahabu. Na miezi hiyo si ile ya kalenda ya duka la vipuri, ni miezi ya mwandamo. Mwanatumu, mwenye miaka sabini na kitu na macho bado makali, hakuhitaji kuambiwa. "Tuko mfungo nne, mwezi kumi na mbili," alisema, akihesabu miezi tangu Ramadhani na siku tangu mwezi kuandama. "Utatoka mfungo nane, mwezi ishirini na mbili. Mimi nitakuhesabia."

Ile kalenda ilikuwa bado ukutani, na ofu za Julai zimezungushiwa, tarehe ishirini na nane mpaka thelathini na moja. Za miezi ya mbele pia Jaafar alikuwa amezikisia, kwa duara za penseli. Asiya aliiangalia mara moja tu. Akaigeuza ikaangalia ukuta.

Siku ya nne akapiga simu Chome, ofisa wa wafanyakazi pale hotelini, mtu wa Kombani.

"Bi Asiya, makiwa. Mungu awape subira. Nakupigia kwa kazi mbaya, unisamehe. Sheria ya hoteli kwa msiba ni siku saba."

"Eda ni miezi minne na siku kumi, Chome. Wewe mwenyewe wajua."

"Mimi najua, mamangu amekaa eda. Meneja ndiye asiyejua. Ni mgeni, ana miezi mitatu hapa, na ndiyo msimu huu. Ameshaniuliza nani ataajiriwa mahali pako." Chome akashusha sauti. "Mwandikie. Kwa Kiingereza, kwa mkono wako. Mimi nikimweleza ataona natetea watu wangu."

Jamaa wakakaa kulizungumza. Mjomba mmoja alisema mwanamke mwenye shida ya riziki anaweza kutoka mchana akafanye kazi na usiku akarudi kulala, masheikh wamelisema hilo. Mwanatumu akauliza kwa upole atakwendaje Diani na kurudi Mkwiro kila siku. Mwingine akasema aache kazi, kwani kazi ni nini. Asiya aliwasikiliza wote. Kazi ilikuwa miaka ishirini na mmoja ya maisha yake, na bila hiyo hakuwa na chochote cha kujilisha yeye wala kumlisha mkwe wake. Lakini eda alikuwa anaitaka, wala si kwa kuogopa watu. Aliitaka kwa sababu hajawahi kumpa Jaafar kipande cha muda kinachozidi wiki tatu. Hii miezi minne ndiyo ya mwisho anayoweza kumpa, na alikuwa tayari kuigombania.

Akachukua daftari. Kiingereza chake, kama nilivyosema, kilikuwa cha rafu tatu. Alijua kusema taulo za leo, oda ya kesho, kazi ya siku moja, mapumziko ya siku moja. Aliketi mkekani tangu adhuhuri, akachana karatasi mbili, ya tatu akaimaliza. Aliandika kwamba mumewe amefariki. Aliandika kwamba anaomba four months and ten days' leave, na ile alama ndogo akaiweka taratibu, akihakikisha haifanani na tone lililoponyoka. Hapo akakwama, maana hakujua maneno ya kueleza eda kwa mtu asiyewahi kuisikia. Mwisho aliandika anachokijua. Kwamba katika stoo yetu, bwana, shuka likitoka kwenye moto halipewi mgeni siku hiyo. Hupewa a day's rest, kwa sababu uzi umechoka, na usipopumzika utachanika. Mimi nimeitunza sheria hiyo miaka ishirini na mmoja kwa mashuka ya hoteli hii. Kwa desturi yetu, mwanamke aliyefiliwa na mume mapumziko yake ni miezi minne na siku kumi. Naomba nipewe, na nafasi yangu iningoje.

Akaipiga picha kwa simu, akamtumia Chome. Siku mbili hakulala sawasawa.

Siku ya tatu Chome akapiga, na furaha yake ilisikika kabla hajasema neno. Meneja amekubali. Mshahara hakuna, lakini nafasi yake itashikwa. Ameagiza Asiya aandikiwe kama alivyoomba mwenyewe, neno kwa neno, kuanzia siku ya pili ya msiba. "Ila kuna mstari wa mwisho, Bi Asiya. Likizo ikimalizika, siku inayofuata usipofika kazini, nafasi anapewa mwingine. Hapo hana mchezo."

"Nitafika," Asiya alisema.

Basi akakaa. Asubuhi alikunja nguo, nyingine alizokunja jana yake, kwa sababu mikono ilizoea. Wanawake waliingia kumzungumzisha, wakatoka. Mfungo sita ukaja, maulidi yakasomwa, akasikia matari kutoka dirishani na kuwatambua wasomaji kwa sauti. Kila mwezi ulipoandama, Mwanatumu alitoka uani, akainua uso, akarudi akasema "Umeandama," akaketi. Wakati mwingine walikaa hivyo saa nzima, wakichambua mchele. Asiya aligundua kwamba sasa anajua mengi ambayo mke wa miaka kumi na saba angepaswa kuyajua zamani: ubao wa kizingiti unaolia, jua linaloingia jikoni saa tatu na kutoka saa tano, kikombe cha Jaafar kilichovunjika mkono akakitia waya.

Kitu kimoja kilimtisha, na hakumwambia mtu. Hakuwa amelia. Machozi ya siku ya kwanza yalikuwa ya mshtuko tu, halafu yakakauka. Watu walimsifu kwa subira. Yeye alijua si subira. Alikuwa anaitimiza eda jinsi alivyokuwa akiitunza stoo, kila kitu kwenye rafu yake, kila siku na kazi yake, na kila alipotaka kumfikiria Jaafar alijikuta anahesabu: zimebaki siku arubaini, zimebaki ishirini, nisichelewe.

Mfungo nane, mwezi ishirini na mbili, eda ikaisha. Wanawake wakamwogesha, wakamsomea dua, wakamvika leso mpya, na baadhi yao wakalia kwa niaba yake. Usiku ule ule Asiya akafunga kibegi. Alfajiri Mwanatumu akamkuta amesimama mlangoni na buibui lake.

"Kaa leo hata moja, mwanangu. Umetoka jana tu."

"Siwezi, mama. Eda imekwisha jana, leo ndiyo siku yenyewe ya kuripoti. Nikikosa, nafasi imekwenda."

Mwanatumu hakubishana. Alishika kibegi kwa upande mmoja, wakakibeba pamoja mpaka kwenye boti.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na nne Novemba. Asiya alifika hotelini kabla ya saa nne, jasho likimtoka, akaenda moja kwa moja kwa Chome. Chome akasimama, akampa mkono kwa mikono miwili, kisha akaangalia kompyuta yake, akaangalia tena.

"Bi Asiya, mbona umerudi mapema?"

"Mapema vipi? Miezi minne na siku kumi. Imekwisha jana."

"Likizo yako ilianza tarehe tisa Julai. Miezi minne imekwisha tarehe nane Novemba. Weka siku kumi, ni tarehe kumi na nane. Kazini waingia tarehe kumi na tisa." Mara akajipiga paji la uso. "Lahaula! Wewe umehesabu mwezi wa mbinguni."

Asiya akakaa kwenye kiti bila kuambiwa akae. Kweli, mwandamo hupungua siku moja moja kwa kalenda ya serikali, na Julai, Agosti na Oktoba ni miezi mirefu. Alilijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana Ramadhani huja mapema kila mwaka. Lakini kalenda aliigeuza ukutani, na kwa hofu ya kuchelewa hakuiangalia hata mara moja.

"Basi sasa?" akauliza.

"Sasa una siku tano. Na leo imo."

"Za nani?"

Chome akazihesabu tena kwa vidole. Alikuwa mtu mwaminifu. "Za eda? Hapana, eda umemaliza. Na sisi hatukudai mpaka tarehe kumi na tisa. Zako, nadhani. Lakini ukitaka kuanza leo, Wallahi nitakushukuru. Twaiba amelemewa kule chini. Nitakuandikia barua nzuri kwa meneja."

Asiya alikwenda stoo. Miguu ilikwenda yenyewe. Twaiba, binti aliyeshika nafasi yake, alikuwa kati ya mikokoteni miwili ya nguo, leso imemponyoka kichwani.

"Shikamoo, Bi Asiya! Alhamdulillahi umerudi! Nishikie hapa, nina vyumba thelathini vyataka mashuka kabla ya saa nane."

"Marahaba," Asiya akasema, na akaona Twaiba anatoa mashuka kwenye rafu ya kulia. Akayagusa. Yangali na joto. "Haya ni ya kesho, Twaiba."

"Najua, bibi. Yale ya leo yamekwisha. Nifanyeje?"

"Wapigie stoo ya akiba wakuletee ya zamani. Haya yaache. Yana siku yao moja, usiyanyang'anye."

Alilisema kwa ukali wake ule wa miaka yote, na Twaiba akarudisha rundo haraka. Lakini Asiya hakuondoa mkono wake juu ya mashuka. Alisimama pale, kiganja kimepata joto, akisikia maneno yake mwenyewe. Miaka ishirini na mmoja alikuwa amepigania siku ya shuka. Mumewe alikuwa amemwomba siku moja, moja tu, na yeye akasema inshallah mara kumi na sita. Na sasa anazo tano, na alikuwa ameshaanza kutafuta kwa macho sare yake ilikotundikwa.

"Bi Asiya, vipi?" Twaiba akauliza.

"Nitakuja tarehe kumi na tisa," Asiya akasema. "Unisamehe. Nina mahali nilipochelewa kwenda."

Alifika Mkwiro alasiri. Mwanatumu alikuwa amekaa kizingitini, na alipoona buibui lile linapanda kutoka bandarini, akainuka kwa kushika ukuta.

"Wamekufukuza?"

"La, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umesahau kitu?"

"Sikusahau. Nimekuja tu."

"Ofu?"

"Si ofu."

Akaingia ndani. Nyumba ilikuwa kimya, wageni wa eda wamekwisha kwenda zao. Hakuna aliyemtarajia, hakuna dua ya kusomwa wala mwezi wa kungojwa. Akakaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Akaangalia kikombe chenye mkono wa waya. Dakika kumi zilipita hivi, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba ile, hakuwa akihesabu chochote.

Kisha akainuka akaigeuza kalenda. Ilikuwa bado Julai. Akafunua Agosti, Septemba, Oktoba, mpaka Novemba. Chini kulikuwa na duara nne za penseli, tarehe ishirini na sita mpaka ishirini na tisa, ofu zake alizokisiwa na mtu ambaye asingeziona. Kuanzia tarehe kumi na nne mpaka kumi na nane palikuwa peupe. Kalamu nyekundu ilikuwa bado imening'inia kwa uzi kwenye msumari. Wino ulikataa, akaubana, ukatoka. Akazungusha duara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akaichora polepole. Ya tano hakuimaliza. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, na ilikuwa imekaa kifuani miezi minne na siku kumi.

Mwanatumu aliingia akamkuta amepiga magoti chini ya kalenda, kalamu bado mkononi. Mzee akashuka taratibu mpaka mkekani, akamshika mabega. Akaangalia juu, akaziona duara nyekundu.

"Siku tano?" akauliza. "Hizi nazo ni za nani?"

"Za Jaafar, mama," Asiya akasema kati ya kwikwi. "Aliniomba moja, nimemletea tano."